Mistari Miwili na Nukta

9 Januari 1993

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Mimi huku mzima, ila kifua kinanibana kidogo kwa harufu ya rangi, na hilo si la kumwambia Mama. Mke wangu mpe salamu zake peke yake, usizichanganye na za watu wengine. Mwambie barua yake nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Miaka saba, Kitindamimba! Miaka saba watu wananiuliza kwa macho nami najifanya sioni. Sasa ananiambia mwisho wa Juni. Basi juu yako wewe. Wewe ndiye mkunga, na huyo ndiye mtoto wangu.

Habari yenyewe ni hii. Hapa kiwandani mtu akitimiza miaka kumi anapewa pikipiki moja. Zamu yangu imefika. Wenzangu walidhani nitajichukulia. Nikawaambia nina mdogo wangu anapanda mlima kwa miguu na mkoba wa kuzalishia, na mke wangu anakaa kwa Mama, ng'ambo ya huo huo mlima. Mimi pikipiki ya nini mjini? Itakufikia hapo zahanati kwa lori la wiki ijayo. Kipanga mpya kabisa, si mkweche kama ile ya marehemu Baba. Ingawa ile nayo, miaka ishirini na mbili, ulimsikia lini akiilaumu?

Mambo mawili uyashike. Kwanza, kwenye boliti za injini na za tangi kuna rangi nyekundu. Hiyo ni lakiri ya kampuni. Fundi wa mtaani akizifungua, rangi ikapasuka, kampuni haikutambui tena. Usimruhusu mtu, hata akiapa kwa kaburi la mama yake. Pili, kwenye vifaa vya umeme utaona mistari miwili ya njano na nukta. Kila mkaguzi ana alama yake, na hiyo ni yangu. Maana yake kaka yako amekipima kile kifaa kwa mkono wake na kimepita. Unakumbuka nilivyochonga mistari miwili na nukta kwenye mpini wa jembe langu ili msiliguse? Ndiyo hiyo hiyo. Ukiiona, lala usingizi.

Kaka yako mkubwa.


2 Februari 1993

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mama na magoti yake ni yale yale. Wifi tumbo limeanza. Ukimwambia halionekani ananuna, ukimwambia linaonekana anaona haya. Anakula ndimu kwa chumvi mpaka mimi ndiye meno yananiuma. Anasema mtoto akifanana na wewe pua, atakudai fidia.

Pikipiki imefika! Nilipoiona ikishushwa kwenye lori nililia mbele ya wagonjwa, na wewe usinicheke. Jumapili nilimpakia Mama. Alifumba macho tangu mlangoni mpaka kisimani, akashuka akajikung'uta, akasema njia ni nzuri sana siku hizi. Alama yako nimeiona nyuma ya taa ya mbele. Niliipapasa kwa kidole kama mjinga.

Kuna kajambo kadogo tu. Alhamisi mchana ilinizimikia katikati ya mlima. Nilipiga kiki mpaka paja likakaza, kimya. Nikakaa chini nikala ndizi yangu. Baada ya nusu saa nikapiga kiki moja tu, ikawaka na kunguruma kama vile si yenyewe iliyonitenda. Labda bado tunazoeana.

Mdogo wako.


20 Februari 1993

Kitindamimba,

Marahaba. Nimefurahi. Mwambie mke wangu pua hii ndiyo iliyomleta, asiitukane.

Hiyo ya kuzima ni petroli. Huko kwenu wanaiuza kwenye madumu, ina maji na mchanga. Chuja kwa kitambaa safi kabla ya kumimina. Na uache kuikoroga gia kama mtu anayesonga ugali. Mchagua jembe si mkulima. Kipanga haina tatizo, ina mwendeshaji. Natania, lakini chuja.

Kaka yako mkubwa.


6 Machi 1993

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Wifi miguu imeanza kuvimba jioni, nimeshampima presha, iko juu kidogo lakini si ya kutisha. Nimemwambia sitaki azae nyumbani kwa Mama. Wiki mbili kabla ya siku zake nitamhamishia chumbani kwangu hapa zahanati, alale kitandani, mimi nitalala chini. Amekubali kwa sharti kwamba sitakoroma.

Sasa nisikilize. Petroli nimechuja. Nimechuja kwa kitambaa, nikachuja kwa soksi, nikachuja tena kwa pamba ya zahanati mpaka mganga akaniuliza kama natengeneza manukato. Imezima mara nne. Mara nne, Kaka! Mara zote mchana, mara zote mlimani injini ikiwa ya moto, na mara zote inawaka baada ya kupoa. Mara ya tatu nilikuwa na sanduku la chanjo, barafu ikayeyuka nikiitazama, na dozi sitini nimezimwaga. Akina mama walikuwa wamepanga foleni tangu asubuhi na watoto mgongoni. Nikawaambia warudi wiki ijayo. Mmoja akaniambia, "Dada nesi, zamani ulikuja kwa miguu na ulifika."

Bwana shamba naye alipewa Kipanga mpya mwaka jana. Nilimkuta juzi amekaa kando ya njia, kofia magotini. Sikumuuliza. Nilikaa pembeni yake tukasubiri pikipiki zetu zipoe, kama watu kwenye foleni ya daktari.

Fundi Kobe, yule wa hapa sokoni, anayetengeneza taratibu mpaka wateja wanazeeka, amesikiliza injini akasema ni cheche inakufa kwenye joto. Anataka kufungua tangi aangalie. Nimemkatalia kwa sababu ya ile rangi nyekundu. Je, nimekosea?

Mdogo wako.


14 Machi 1993

Kitindamimba,

Marahaba. Natumaini wote wazima.

Hukukosea. Usimruhusu kufungua. Huyo Kobe anajua baiskeli. Na bwana shamba anajua mahindi, umwache na mahindi yake.

Nimeshakwambia ni petroli. Petroli na uendeshaji. Kampuni imeuza maelfu ya hizi, na kama zingekuwa na kasoro ningekuwa wa kwanza kujua, maana zinapita mikononi mwangu. Wewe panda mlima asubuhi na mapema, kukiwa na baridi. Mchana usiende mbali. Ukiona imechemka, ipumzishe kabla haijazima.

Mlinde mke wangu. Kazi ni nyingi, sina nafasi ya kuandika zaidi.

Kaka yako mkubwa.


11 Aprili 1993

Kaka,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Wifi anasema mtoto anapiga mateke usiku kucha, anaomba uje umwambie atulie, labda wewe atakusikia.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nikitafuta nini? Nikimtafuta kaka yangu. Yule anayeniandikia kurasa nne na utani juu, safari hii kaniandikia kama karani. Halafu mkunga utamwambiaje asitoke mchana? Watoto wanazaliwa kwa ratiba ya baridi?

Mimi na Kipanga tumefika mwisho. Nasema hivi na moyo unaniuma, maana nimekua nikiliona lile jina kwenye tangi la Baba kabla sijajua kusoma. Tulikuwa tukisikia mlio wake kwenye kona tunajua chakula kimekuja. Sasa nikiwa juu ya hii mpya siangalii njia, nasikiliza injini. Nasikiliza kama ninavyosikiliza mapigo ya mtoto tumboni. Chombo cha namna hiyo si chombo. Ile ya Baba iko nyuma ya nyumba, kuku wanalalia kiti chake, na nakuapia naiamini kuliko hii.

Nakuuliza mara moja, unijibu mara moja. Kuna kitu kwenye hizi pikipiki? Ndiyo au hapana. Usinitajie petroli.

Mdogo wako.


2 Mei 1993

Kitindamimba,

Marahaba. Samahani nimechelewa, nilikuwa na mambo.

Nimempa dereva wa lori kifurushi. Kuna nguo za mtoto, nimechagua mwenyewe dukani, muuzaji akanicheka kwa kuuliza kama kofia haitambana. Ndani ya soksi moja nyeupe kuna kifaa kidogo cha pikipiki. Ukipata nafasi kibadilishe. Si lazima uwaambie watu kimetoka kwangu.

Mengine tutaongea nikija likizo mwezi wa saba. Mwambie mke wangu nahesabu siku.

Kaka yako mkubwa.


19 Mei 1993

Kaka,

Shikamoo. Kifurushi kimefika. Wifi alizitandaza zile nguo kitandani zote, akazikunja, akazitandaza tena. Kofia alijivalisha kwenye ngumi akaizungumzisha. Mama akamwambia asifurahie nguo kabla ya mwenye nguo, lakini naye nilimwona akiinusa ile fulana.

Kile kifaa nimekiona. Nimekifunga kwenye plastiki nikakiweka kabatini pamoja na glavu, pakavu, hakitapata kutu. Kukibadilisha nadhani ni lazima tangi lifunguliwe, kama alivyotaka Fundi Kobe, na rangi nyekundu itapasuka, nawe umenikataza mara mbili. Hata hivyo nimepata bahati. Fundi wa kampuni atapita mji wa jirani tarehe ishirini na nane Juni, nimeandikisha jina langu. Atakibadilisha yeye kwa utaratibu, na lakiri ataiweka upya.

Wifi namhamishia kwangu tarehe kumi na mbili. Swali langu hujalijibu, na mimi sijalisahau.

Mdogo wako.


SIMU YA MAANDISHI, 4 JUNI 1993

MTOTO HATUNAYE. MKEO YU HAI. NJOO.


28 Juni 1993

Kaka,

Shikamoo. Mama amepungua sauti, lakini anakula. Mkeo ameanza kukaa. Homa imeisha, maziwa ndiyo bado yanamtoka, namfunga kitambaa kifuani asubuhi na jioni.

Ulipokuwa hapa hukuniuliza ilikuwaje. Sasa nakuandikia.

Tarehe tatu, saa sita mchana, jirani wa Mama alifika zahanati na baiskeli, shati limelowa jasho. Wifi chupa ya uzazi imepasuka, wiki tatu na zaidi kabla ya siku zake, na uchungu unakuja haraka haraka. Gari la zahanati unajua liko gereji tangu mwaka jana. Nilichukua mkoba nikawasha. Iliwaka vizuri, haikubisha hata kidogo. Nikaiambia moyoni, leo tu, unizimikie siku nyingine zote.

Ilizima theluthi mbili ya mlima. Jua lilikuwa utosini. Nilipiga kiki. Nilivua kiatu nikapiga na kisigino. Niliimwagia maji yangu ya kunywa kwenye injini, moshi ukatoka. Niliitukana, Kaka, matusi ambayo sikujua ninayajua. Halafu niliiangusha pale njiani nikakimbia. Unaujua ule mlima. Nilikimbia, nikatembea, nikatapika, nikakimbia.

Nilifika saa tisa kasoro. Kitovu kilikuwa kimetangulia. Mama alikuwa amemshika wifi mabega, hakujua afanye nini, na angejulia wapi? Mimi ningejua. Kuna namna ya kumlaza mtu, kuna namna ya kumzuia mtoto asikibane kitovu, kazi hiyo nimeifanya mara mbili na watoto wote wawili leo wanakwenda shule. Niligusa kile kitovu. Kilikuwa bado cha moto, hakidundi. Alikuwa wa kiume. Pua ni yako.

Ulikaa siku tatu. Ulichimba mwenyewe, hukutaka msaada. Ulimshika mkeo mkono. Na katika siku zote tatu, pikipiki imeegemea ukuta wa jikoni pale pale tulipokuwa tukinawa, wewe hukuitazama hata mara moja. Fundi wa miaka kumi, pikipiki imeua mtoto wake, hataki hata kuigusa? Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Ulipopanda basi nilikwenda kwa Fundi Kobe nikamwambia fungua. Akaniuliza, "Na rangi nyekundu?" Nikamwambia rangi nyekundu imeshatoka nyingi. Alifungua tangi, taratibu zake zile, akatoa koili, ndicho kifaa kinacholeta cheche. Ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kama unywele. Akasema ikipata joto ufa unafunguka na cheche inakufa, ikipoa unajifunga. Akaigeuza. Mistari miwili ya njano na nukta.

Kisha nikampa kile cha kwenye soksi. Akaviweka pamoja kiganjani. Ni koili, Kaka. Mpya, ya muundo mwingine, mnene kuliko ile. Aliifunga kwa robo saa. Robo saa, Kobe huyo! Akapanda mlima mchana kweupe mara nne mfululizo. Haikuzima.

Sikutaka kumwambia wifi. Lakini alinikuta nimekaa na zile koili mbili mapajani, na yeye si mtoto. Aliomba barua zako. Zote. Alizipanga kitandani kwa tarehe, pale pale alipokuwa akitandaza nguo, akazisoma mpaka giza likaingia. Hakulia. Ameniambia nikuulize kitu kimoja tu. Ulijua lini?

Mdogo wako.


10 Julai 1993

Dada yangu,

Sina salamu za kutosha kwa yeyote hapo nyumbani.

Nimeanza barua hii mara sita. Nitasema mbiombio kabla sijaogopa tena.

Ile alama, nilikudanganya. Si kwamba nilikuwa nikipima kila kifaa. Zamani ndiyo, enzi za kina Baba walipima. Siku hizi trei inaletwa asubuhi ina koili arobaini, na mkanda wa kuunganishia hausubiri mtu. Tunapaka kwanza. Trei nzima, mstari mstari nukta, mstari mstari nukta, halafu tukipata muda tunapima mbili tatu. Wote tunafanya hivyo. Ya kwako ilipita hivyo hivyo, nami nilijua inakwenda kwako, nikasema ni Kipanga hii, itakuwa na nini?

Tarehe kumi na moja Machi walituita chumba cha kulia chakula, mlango ukafungwa. Wakasema koili tulizofunga tangu mwaka jana zinapasuka kwa joto. Zinazotengenezwa sasa zitawekewa nyingine. Zilizokwisha kwenda, zimekwenda. Tukasaini kwamba atakayelitoa neno hilo nje hana kazi. Nilisaini. Nilijiambia mtoto anakuja, hawezi kumkuta baba yake hana kazi.

Ile ya kwenye soksi niliiiba. Nilidhani utaipachika tu na mambo yataisha, bila mimi kusema. Nilisahau kwamba wewe hujawahi kuvunja neno langu hata siku moja. Ningeandika mstari mmoja tu. Vunja rangi nyekundu, weka hii leo. Ningeuandika, nisingechukua dakika.

Basi mwambie mke wangu jibu lake. Nilijua tarehe kumi na moja Machi.

Naomba kuja. Mniambie kama nije.

Kaka yako.


24 Julai 1993

Kaka,

Barua yako imefika. Mama hajambo, haya hatujamwambia. Wifi juzi alikwenda kisimani mwenyewe na kurudi.

Mlima naupanda kwa miguu. Pikipiki haina neno sasa, Fundi Kobe anaitumia na kila akirudi ananihakikishia ni nzima. Nilijaribu mara moja. Nilipofika pale katikati nilisikia kama inataka kuzima, na haikuwa inazima, nikashuka nikaikokota mpaka juu huku inanguruma. Sitaki tena.

Nilimsomea wifi barua yako neno kwa neno, kama alivyotaka. Nilipofika kwenye tarehe aliinua mkono ninyamaze. Alizifuata zile barua, akachagua ile ya tarehe kumi na nne Machi, akaniomba kalamu. Nilidhani anataka kukuandikia, nikampa na karatasi. Karatasi hakuigusa. Chini ya pale ulipoandika "Kaka yako mkubwa" alichora mistari miwili na nukta, polepole, kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Hii nayo aliipitisha," akasema. "Mrudishie."

Nimeiweka humu ndani.